Kusomea Miti Inayotufukuza

Gazeti la juma lile Nyongesa alilisoma mara mbili kwa sauti, maana mara ya kwanza Odero alikataa kuamini. Lilisema kijana wa Nakuru, Ephantus Gachanja, amepata nafasi katika chuo kikuu Ulaya, akasomee uhifadhi wa maliasili: udongo, maji na misitu.

Hiyo ilikuwa mwaka 1951, kwenye benchi la Truphosa muuza chai, nyuma ya bohari la reli, Nakuru. Marehemu Odero tulimwita Breki, kwa sababu alifanya kazi ya breki kwenye garimoshi la mizigo, na mdomo wake haukuwa nayo hata moja. Nyongesa tulimwita Hakimu. Mzee Kinyanjui, mbeba magunia, tulimwita Saipresi, kama mti.

"Udongo?" Breki aliweka kikombe chini. "Mtu apande meli, atapike mpaka Ulaya, aende kusomea udongo? Udongo si huu hapa! Truphosa, hebu mwonyeshe Hakimu miguu yako."

"Anza na yako, Breki. Hiyo mtu anaweza kupanda viazi na akavuna."

"Sikilizeni," alisema Hakimu, akikunja gazeti. "Miti yote ya kutoka hapa mpaka Londiani iliingia kwenye tumbo la injini. Breki ni shahidi."

"Mimi nilikuwa wa breki! Sikuwa wa moto!"

"Sasa imekwisha, ndiyo maana wazungu wanatafuta Mwafrika wa kuihifadhi. Wakila nyama hawakuiti. Wakitaka sufuria ioshwe, wanakutafuta mpaka kwenu."

Tulicheka, isipokuwa Saipresi. Ephantus alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake. Kesho yake kijana alikuwa apande gari la Mombasa, na kwa desturi yao msafiri wa mbali namna ile hatoki kabla mzee wa nyumba ya baba yake hajamtemea mate kifuani kumbariki. Mzee wa namna hiyo alikuwa amebaki Saipresi tu, na alikuwa amekataa.

"Mate tu hayo, mzee!" alisema Hakimu. "Breki anayatoa bure kila akifungua mdomo."

"Mnajua kwa nini mnaniita Saipresi?"

"Kwa sababu umekauka," Breki alijibu.

"Kwa sababu ilinifukuza. Bwana wa msitu, mzungu wa serikali, alinipa kipande kule juu Mau. Nikafyeka. Nikapanda mahindi, na katikati ya mahindi nikapanda miche yake ya saipresi, nikaipalilia kama watoto wangu. Ikakua, ikatia kivuli, mahindi yakafa. Nikaambiwa hama. Kule ukiwa mkulima mzuri, unajifukuza mwenyewe haraka. Mimi nilikuwa hodari sana."

"Sasa kijana amekosa nini hapo?"

"Mama yake, Mugure, bado yuko kule, na majirani safu nzima. Nao wamepata akili kuliko mimi. Alfajiri wanaisalimia miche."

"Wanaisalimia?"

Saipresi alitazama huku na huku. Kisha aliinuka, akamkamata Breki kwa kola ya shati, akamnyanyua kidogo kutoka kwenye benchi, akamrudisha palepale na kumpigapiga mabegani.

"Namna hiyo. Mizizi inakatika chini, mche unabaki umesimama. Baadaye unakauka polepole. Bwana akija anakuta mahindi yanacheka na miche inakufa."

"Na anasemaje?" aliuliza Truphosa, birika likiwa hewani.

"Eti ni ugonjwa wa udongo! Ameunusa, ameutia kwenye chupa, ameupeleka Nairobi. Na huyu kijana anapelekwa Ulaya akalete dawa ya ugonjwa huo. Atarudi na suti, achimbe, aone. Wa kwanza kufungashwa virago atakuwa mama yake. Niyateme mate yangu kwa ajili hiyo?"

Ndipo tulipomwona Ephantus akivuka reli, koti jipya begani.

"Habari zenu, wazee. Baba mdogo, nimerudi tena kukuomba."

"Kwanza nijibu. Miche ya kule kwenu inauawa na nini?"

"Ugonjwa wa mizizi. Ndivyo nilivyowaambia wazungu walionihoji. Walifurahi sana, wakasema nina jicho."

Breki alipiga paja. "Lo! Hiyo ndiyo akili inayokwenda Ulaya! Jicho analo, limelala!"

Ephantus alimtazama mzee wake tu. "Baba mdogo, mimi nilikuwa nasalimia miche kila asubuhi kabla ya kupewa uji. Mama alinipa safu ya mbele kwa sababu mkono wangu ulikuwa mwepesi."

Breki aliondoa mkono pajani.

"Ulijua?" aliuliza Saipresi.

"Nisipokwenda mimi, nafasi atapewa mwingine, na huyo hana mama msituni. Atang'oa mche mmoja tu, ataona mizizi imekatika, na safu nzima itahamishwa kabla ya mavuno."

Hakimu alimsogelea. "Na huko chuoni wakikudai chanzo cha ugonjwa?"

"Nitatafuta. Huenda ni mdudu. Huenda ni baridi. Nikishindwa kukiona, wataniongezea mwaka."

"Na utashindwa?"

"Tangu darasa la kwanza sijawahi kushindwa mtihani, Hakimu. Huu nitafanya bidii nishindwe."

Breki alicheka mpaka benchi likamtupa chini. Truphosa alijifuta macho kwa ncha ya leso. Saipresi hakucheka, lakini alisimama, akamfungua kijana vifungo vya shati na kumtemea mate kifuani, taratibu, akitaja jina la kaka yake.

"Nenda uone, urudi," alisema. Alimwekea mkono kifuani. "Lakini huko watakufundisha uzuri wa miti, kila siku, na walimu wanaoijua. Usije ukaipenda kweli, ukamsahau mama yako."

Ephantus alifunga vifungo kimoja kimoja.

"Nitajaribu, baba mdogo," alisema.