Miguu Haifiki Chini

Jumanne, 1 Machi 1988. Mbale.
Vita vimesogea mbali, barabara zinapitika tena, na Latif amenunua baiskeli. Kila jioni anampakia Zulaika kutoka kwenye cherehani yake mjini hadi kwao Nakaloke. Zulaika, niliyepanga kumposa kabla vita havijaniharibia mipango! Basi. Nitanunua pikipiki. Sijawahi kuendesha. Sioni ugumu.

Alhamisi, 3 Machi. Jinja.
Fundi Waiswa alikuwa nazo mbili. Ndogo, nyepesi, akasema ndiyo ya mtu anayejifunza. Nikamuuliza nani kamwambia najifunza. Akatazama nilivyoshika usukani kama pembe za mbuzi. Nimechukua kubwa. Mngurumo wake! Ila nikiikalia, miguu haifiki chini. Waiswa akauliza nitasimamaje. Nikamjibu kwamba sinunui pikipiki ya kusimama. Jibu zuri sana.
Naipeleka Mbale kwa lori la mbao. Nimemwambia dereva nayahurumia matairi.

Jumamosi, 5 Machi. Nabuyonga.
Dada yangu Hajarah alitaka nianzie uwanjani. Nikakataa. Uwanjani Zulaika hanioni.
Gia ya kwanza ilikubali. Ya pili sikuitafuta. Nikawapita Latif na Zulaika kwenye njia ya Nakaloke, kichwa juu. Fahari! Kisha mbele, kamba barabarani. Askari. Afande akapaza sauti nisimame. Nilitaka. Wallahi nilitaka! Breki ipi, ya mguu au ya mkono? Nikawakumbuka watu ambao mwaka jana hawakusimama, wakapigwa risasi. Nikafumba macho, nikaingia shamba la mihogo.
Nilipofumbua, mtutu wa bunduki. Afande aliitwa Aloysius. Akauliza, "Wewe adui?" Ndipo Latif akatupa baiskeli, akaja mikono juu.
"Si adui, afande! Hajui kuendesha tu!"
Zulaika naye akaapa kwamba sijui. Walishuhudia kwa bidii mno. Askari mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Afande akashusha bunduki.
"Bwana," akaniambia, "hata adui hujifunza kwanza."
Latif alinishika mkono, akanitoa shambani. Mtu huyu hata kumchukia hataki kunirahisishia.

Jumatatu, 7 Machi.
Gurudumu la mbele limepinda. Mimi pia, kidogo. Zulaika ameniletea uji. Akanisihi niibadilishe kwa ile ndogo, nijifunze taratibu; hataki kunizika. Hataki kunizika! Mwanamke hasemi hivyo bure. Nimemwahidi kutafuta kitu cha salama.

Jumanne, 8 Machi.
Nimekipata! Wamboga anauza trekta lililotelekezwa wakati wa vita. Magurudumu manne. Haliwezi kuanguka. Latif atalisikia akiwa bado kitandani. Wamboga amekiri halina breki. Nimemsihi asimwonyeshe mtu mwingine kabla sijafika.