Mikono Miwili ya Rangi

Jumapili, 3 Mei

Tumealikwa kwa dada wa mke wangu. Nilidhani tumeitiwa chakula. Kumbe tumeitiwa makabati!

Mumewe ameyapaka rangi makabati ya jikoni mwenyewe. Mimi humwita Mswaki kwa sababu ya meno yake, hayajawahi kupumzika. Alitupanga mstari jikoni kwake, akafungua mlango wa kabati, akaufunga, akaufungua tena. Rangi ya maziwa. Nilitafuta doa kwa bidii, nikachuchumaa hadi chini ya sinki. Hamna!

Mke wangu akapitisha kiganja kwenye mlango ule, polepole. Kabati letu hajawahi kulishika hivyo. Hata mimi sikumbuki mara ya mwisho.

Nikauliza siri ya kazi ile, nikijifanya sijali. Mswaki akasema hakuna siri, ni mikono miwili tu. Wengi hupiga mkono mmoja, ndiyo maana kazi zao hazipendezi.

Njiani kurudi mke wangu akasema dada yake amepata mume. Nikamuuliza, na yeye amepata nini? Akatazama dirishani. Roho inaniuma mpaka sasa. Mama mkwe anakuja Jumapili ijayo kukaa wiki nzima, na hajasema atalala kwa binti yupi. Akija lazima alale hapa, na maneno yale lazima yasemwe juu yangu.

Jumatatu, 4 Mei

Nimeng'amua! Mikono miwili: brashi kulia, brashi kushoto. Jamaa anafanya kazi ya watu wawili halafu anajifanya ni jambo dogo. Na kweli, jana alimimina chai kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika simu. Alikuwa ananiringia, nami sikujua.

Nimeanza mazoezi ya kushoto. Nimepiga mswaki kwa kushoto (wa meno, si yeye, ingawa ningependa). Ofisini nimetia saini kwa kushoto. Bosi ameuliza kama ninaumwa.

Jumatano, 6 Mei

Duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji akaniuliza napiga mkono mmoja au miwili. Yaani sifa za Mswaki zimefika hadi dukani! Nikamjibu kifua mbele: miwili. Akaweka makopo mawili ya rangi juu ya meza. Nikamwambia mikono ni miwili lakini kabati ni lilelile, aache ujanja. Nikachukua kopo moja na brashi mbili. Akataka kuniuzia na msasa, eti nisugue mafuta ya kupikia yatoke kwanza. Nikamweleza kuwa mafuta yale ni ya miaka mingi, sasa ni sehemu ya mbao.

Mke wangu aliponiona na kikopo kimoja akaniita mkono wa birika. Mikono, mikono! Nyumba hii haina neno jingine.

Ijumaa, 8 Mei

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema tumbo.

Mswaki alifungua bawaba zote, akailaza milango uani. Kupoteza muda. Mimi nimepaka milango ikiwa imefungwa, sahani zikiwa ndani. Mkono wa kulia unapanda, wa kushoto unashuka, au unakwenda unakotaka wenyewe. Umepaka dirisha. Umepaka jiko. Umenipaka sikio. Lakini kasi, jamani, kasi! Kabla ya saa ya chakula nimemaliza.

Upande wa kulia unapendeza. Upande wa kushoto rangi imetiririka na kuganda ikitiririka. Nitasema ni mtindo. Nimekataza mtu kugusa kabati hadi Jumapili, tutakula chipsi kwenye karatasi.

Mke wangu amerudi, akasimama mlangoni na mkoba begani. Akauliza kama nimeumia.

Jumamosi, 9 Mei

Mswaki kaja. Hakuna aliyemwita. Eti anapita tu kutusalimu! Akatazama kabati, akauliza mkono wa pili nitapiga lini. Nikamwonyesha upande wa kushoto. Nikamwambia huo hapo, yote miwili nimepiga kwa pamoja.

Akaziona brashi mbili kwenye sinki. Akakaa chini, sakafuni kabisa, akacheka hadi akajifuta machozi kwa shati. Alipopata pumzi akaeleza kwamba mkono ni raundi moja ya rangi. Unapaka kabati lote, unaliacha likauke, kisha unalirudia lote. Ndiyo mikono miwili hiyo.

Thubutu! Jumapili hakusema hivyo. Ameona nimemfikia, sasa anageuza maneno. Akajitolea tukwangue wote tuanze upya. Nikamsindikiza hadi getini. Wivu nimeuona maishani, lakini wa mtu huyu umepita kiasi.

Jumapili, 10 Mei

Mama mkwe amefika. Chakula tayari. Mke wangu akavuta mlango wa kabati atoe sahani. Haukufunguka. Rangi imekauka na kugandisha milango na fremu, kabati zima limekuwa kitu kimoja. Nikavuta mimi. Akavuta mama mkwe, na ana nguvu mama yule! Kishikio kikabaki mkononi mwake, na utando wa rangi ukaning'inia kama ganda la ndizi.

Sahani ndani. Vijiko ndani. Nilitamani sakafu inimeze. Tukala kwenye sufuria, watu watatu, kwa mikono.

Mama mkwe akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikamlegea. Akasema asubuhi alipitia kwa binti yake mwingine, akaogopa hata kuegemea, maana kila akigusa kitu mkwe anakuja nyuma na kitambaa kufuta. Atalala hapa, wiki nzima.

Jioni nikamsikia mke wangu akiongea na dada yake kwenye simu. Akasema na yeye amepata mume. Alikuwa anacheka, kwa sauti ambayo sijaisikia siku nyingi.

Nilikuwa nimesogea nisikie dada mtu anajibu nini.

Jumatatu, 11 Mei

Vigae! Ndivyo alivyojibu. Mswaki anaanza kuweka vigae bafuni kwake, mwenyewe! Sikupata usingizi. Mke wangu asubuhi amenipikia uji, akaniwekea mkono begani. Sijui alisema nini, nilikuwa nawaza vigae.

Nimempigia Mswaki, nikijifanya namsalimu. Akasema kazi ya vigae si ngumu, inataka mkono mwepesi tu.

Safari hii hanipati. Nimeelewa palepale. Nimeanza kuupunguza mkono uzito: saa nimeivua. Na pete ya ndoa, kumbe, ni nzito! Nimeitumbukiza kwenye kopo la rangi, isipotee.

Mke wangu ameshautazama mkono wangu mara mbili. Nadhani ameanza kuona tofauti.