Spana Nilizozika Chini ya Mashine

Leo nimeaibika mbele ya faktori nzima ya kahawa, na kosa ni langu. (Nilifikiria kumpa nusu yule aliyeuza mashine. Hapana. Ni langu lote.)

Mwezi jana tuliletewa mashine mpya ya kumenya kahawa hapa Mukurweini. Serikali inasema tupime kwa mita na kilo, na mashine yenyewe kila nati ni ya milimita. Basi mimi, fundi wa faktori, mtu wa darasa la sita, nikatumbukiza spana zangu zote kumi na mbili za inchi kwenye simiti mbichi ya msingi. Na hotuba nikatoa! "Inchi imekufa! Leo tunaizika!"

Watu wakapiga makofi. Karani wetu Wafula peke yake akasema, "Fundi, si ubaki na hata moja?" Nikamwita mtu wa kale. (Lazima niandike kwamba alinionya.)

Leo saa nane mchana mashine ikakosa maji. Foleni ya akina mama imefika barabarani, na kahawa mbivu ikilala bila kumenywa, imeharibika. Nikafuata bomba mpaka kwenye vali. Imeziba matope, lazima ifunguliwe. Vali ni ile ya zamani, haikubadilishwa mashine ilipoletwa. Nati ni za inchi!

Nikajaribu spana mpya. Hii kubwa, hii ndogo. Nikajaribu koleo, likanimenya kidole. (Ndicho kitu pekee kilichomenywa hadi saa hiyo.)

Sasa, mpini wa spana moja ulikuwa umechomoza kwenye simiti. Nikapiga magoti na nyundo na tindo. Nikagonga.

Mama Wangechi, wa kwanza kwenye foleni, akauliza, "Fundi, ati unatafuta nini huko chini?"

Nikaendelea kugonga.

Wafula akanijibia, kwa upole kabisa: "Anafukua marehemu."

Ngai! Foleni yote ikaangua kicheko. Mama Wangechi akaanzisha wimbo wa Pasaka, wenzake wakaitikia, na mimi nikajikuta nagonga kwa kufuata wimbo. Ningefanya nini? Ubeti wa tatu, spana ikatoka. Ikakaa kwenye nati sawasawa. Maji yakaja, kahawa ikamenywa yote.

Nikamwomba Wafula radhi mbele ya watu. Akasema, "Hakuna neno, Fundi. Mimi ni mtu wa kale."

Wewe utakayefungua daftari hili, tafadhali usicheke. Huko chini zimebaki kumi na moja, na Mama Wangechi ameahidi Jumatatu kuleta kwaya.