Mzee Ngosha na Uwazi Wangu

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Leo nimetangaza vita dhidi ya upendeleo. Nimetangaza kimoyomoyo tu, lakini vita ni vita. Mratibu wa kituo chetu cha wazee kahamia Dodoma, kiti chake kiko wazi, na mkurugenzi, Mama Dorotea, kasema atamteua mmoja kati yetu wawili. Ama mimi, Nurudin, afisa uhamasishaji, mwenye cheti na sauti. Ama Sabina, muuguzi, ambaye hata kipaza sauti anakiogopa.

Wazee wanampenda Sabina. Inaniuma, sifichi. Mimi ndiye ninayewatafutia uji, mablanketi na wageni wa kupiga nao picha. Yeye anawapima presha na kuwasikiliza. Kusikiliza nako ni kazi? Nani hana masikio?

Ila nimemnasa! Kila mwezi anamwita Mzee Ngosha nyuma ya pazia, mzee anakaa huko weee, kisha anatoka na furushi lililofungwa kwa khanga. Wazee wengine wote hapa Pasiansi wanarudi makwao mikono mitupu. Mzee huyu zamani alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma za kundi la Bagika, jina lake lilivuma Usukuma mzima, na hadi leo anatembea kifua mbele. Basi ndiyo apewe sukari peke yake? Au mchele?

Nikamuuliza Sabina. Akasema hayo ni ya mgonjwa na hayanihusu. Hayanihusu! Mimi ninayeshika ufunguo wa stoo!

Jumatano, 4 Septemba

Nimeandika hotuba. Kichwa chake: Haki Sawa kwa Kila Mzee. Nitaisoma keshokutwa mbele ya wafadhili, kisha nitafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika katika kituo hiki.

Mke wangu Mboni kauliza, je, kama ni dawa? Nikamwambia dawa haifungwi kwa khanga. Akasema basi nimuulize mzee mwenyewe, faraghani, kwa adabu. Nilicheka. Mboni anauza dagaa, mambo ya utawala atayajulia wapi.

Ijumaa, 6 Septemba

Mambo yameenda vizuri kwa sehemu.

Nilisubiri wazee wamalize uji na wageni wetu, wafadhili wawili, wakae. Mzee Ngosha alikuwa amepewa furushi lake mapema, kalipakata. Nikashika kipaza sauti, nikasoma hotuba, kisha nikaeleza kwamba babu yangu alikuwa Mzaramo aliyeletwa Mwanza na reli, na Msukuma ni mtani wangu, na mtani nina haki ya kumvua hata kofia asinune. Wazee wakacheka. Nikaruka, nikalidaka furushi!

Sabina akapiga kelele. Mzee akang'ang'ania, kumbe bado ana nguvu. Khanga ikachanika.

Pampasi. Pampasi za watu wazima, zikatapakaa sakafuni. Na mfuko wa mkojo mpya na mpira wake, ukaserereka hadi kwenye viatu vya mgeni.

Mtu mmoja nyuma akacheka, wakafuata wengine. Mimi sikupoteza akili. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba sasa sote tumeona alichopewa Mzee Ngosha, na huo ndio uwazi. Makofi yalikuwa machache.

Mzee aliziokota mwenyewe. Sabina alipiga magoti amsaidie, akamwambia amwache. Akavaa kofia, akatoka bila kumwangalia mtu. Kifua hakikuwa mbele tena. Nikawauliza wageni kama wangependa picha ya pamoja.

Baadaye Sabina akanieleza kwa hasira kwamba mzee anasumbuliwa na tezi dume na anakojoa kwa mpira. Alikubali kutibiwa hapa kwa sharti moja tu: asijue mtu. Mpira ulikuwa ubadilishwe leo mchana, naye kaondoka nao ule wa zamani. Ukiziba, mkojo unarudi kwenye figo, na mzee anaweza kufa. Nikamwambia angenieleza hayo tangu Jumatatu. Akaniacha nimesimama, akaenda kumpigia mzee simu. Chuki tu.

Jumatatu, 9 Septemba

Mzee Ngosha kavuka ziwa. Yuko Kamanga kwa dada yake, simu kazima.

Mama Dorotea kaniita. Kasema mzee anapokuja kwetu haachi heshima yake getini. Kasema siri ni mali ya mzee, na hakuna hotuba inayonipa ruhusa ya kuigawa. Haki sawa, kasema, si kuwavua nguo wote kwa pamoja. Alisema haya mlango ukiwa wazi, na mpishi alikuwa anapita! Sasa kituo kizima kinajua nimegombezwa. Mambo yangu binafsi! Nimeumia sana. Mtu mzima anatunziwa siri yake jamani.

Nimeagizwa niende Kamanga kumwomba radhi. Kimyakimya, kasema, na akarudia tena: kimyakimya.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwenda. Asante ya punda, kama kawaida.

Sikutaka kwenda mikono mitupu, kwa hiyo nilibeba pakiti tatu za pampasi. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku, nami ni raia mwema, nikazibeba hivyohivyo kwapani. Kwenye kivuko abiria waliniuliza nina mgonjwa? Nikasema ni za Mzee Ngosha, yule manju. Wengi walimkumbuka! Mama mmoja alishika mdomo.

Pale Kamanga sikuijua nyumba. Nikauliza kwa wauza samaki, kwa bodaboda, kwa mafundi baiskeli. Nilikuwa nainua pakiti juu ili waelewe kwamba ni jambo la dharura. Nilipofika, nyuma yangu walikuwa wameshaandamana watu kama wa harusi.

Mzee hakufungua. Nikampa shikamoo kwa sauti, hakuitika. Nikaomba radhi kwa sauti zaidi. Ndipo akaja dirishani, akasema polepole kwamba hapa ndipo mahali pekee alipokuwa bado manju. Kisha akafunga dirisha.

Hakuchukua hata pakiti moja. Nimerudi nazo.

Alhamisi, 12 Septemba

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa Sabina, sikio limegusa mbao kwa bahati mbaya. Alikuwa anaongea kwa simu na dada wa Mzee Ngosha. Amebembeleza siku mbili, na mzee amekubali! Atakuja Jumamosi, kituo kikiwa kimefungwa, kwa bajaji, kupitia geti la nyuma. Sabina peke yake atambadilisha mpira. Homa imeshaanza, kwa hiyo hakuna kuchelewa.

Peke yake! Naona mchezo. Mzee atarudi, sifa zote za Sabina, kiti cha mratibu cha Sabina. Na mimi niliyevuka ziwa?

Hapana. Mtu mkubwa hapokelewi kwa geti la nyuma kama mwizi wa kuku. Tulimwaibisha mbele za watu, heshima arudishiwe mbele za watu. Na mzee wa ngoma anapokelewa kwa nini? Kwa ngoma!

Nimepata kundi zuri la ngoma, kwa bei ya kirafiki. Kiongozi wao kaniuliza wanamwimbia nani, ili atunge wimbo wenye nyama. Nikampa habari zote, sikubakiza.

Jumamosi, 14 Septemba

Nani angejua kwamba walikuwa Bagalu?

Mimi Mzaramo kwa babu, nizijulie wapi hizo Bagika na Bagalu! Kwangu ngoma ni ngoma. Kumbe hao ni mahasimu wa tangu enzi na enzi, wanashindana kila msimu, na wimbo mzuri kwao ni ule unaomvua nguo manju wa upande wa pili.

Bajaji ilipokata kona, waliianza. Kuhusu mpira. Kuhusu pampasi. Kwa Kisukuma, lakini neno pampasi linasikika katika kila lugha. Majirani walitoka, watoto wakashika kiitikio mara moja. Lazima niseme wimbo ulikuwa na mahadhi.

Nilimwona mzee ndani ya bajaji, kajifunika blanketi, midomo imekauka. Alisikiliza beti moja nzima, kama fundi anavyosikiliza kazi ya fundi mwenzake. Kisha akamgusa dereva begani. Bajaji ikageuka.

Sabina alikimbia nyuma yake na glavu mikononi hadi barabarani. Hakuifikia. Alirudi akilia, akanipita, akaenda kufunga geti la nyuma.

Jumapili, 15 Septemba

Nimesimamishwa kazi. Kwa simu! Mboni alikuwa karibu, akasikia yote. Hakuna faragha popote katika nchi hii.

Sabina kavuka jana jioni na vifaa vyake, lakini mzee hakumfungulia hata yeye. Leo dada yake kapiga simu: homa imepanda, mkojo hautoki, hataki kupelekwa hospitali, anasema huko nako kuna watu. Kalala kageukia ukuta. Sabina bado yuko nje ya mlango wake, anabembeleza.

Nimekaa, nimejichunguza bila kujionea huruma, kama mtu muungwana. Kosa nimeliona. Nilichukua ngoma za upande mmoja. Huo ulikuwa upendeleo, na upendeleo ndio nilioanza nao vita.

Nimeshaongea na jamaa wa Mkolani wenye matarumbeta. Wako sita, pamoja na tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote. Kesho tunavuka na kivuko cha kwanza, tunampigia mzee dirishani mpaka afungue. Matarumbeta hayana Bagika wala Bagalu, na yanasikika mbali.