Mashine ya Pini na Dumu la Hajira

Jumatatu, 9 Juni
Manase kwisha habari yake! Mashine ya kupigia pini imefika na basi kutoka Arusha. Ya upepo. Unaiunga na kompresa, unabonyeza, pini inazama mbaoni. Imetumika kidogo tu, muuzaji kaapa. Nimemwendea Mzee Abdulmajidi wa duka la vitambaa. Binti yake Radhia anaolewa Jumamosi, nikamwambia sofa za arusi nitazimaliza Jumatano. Alishamwahidi Manase, jirani yangu hapa Mandewa, fundi wa nyundo anayebana misumari mdomoni. Kanipa mimi! Kitambaa rangi ya maziwa. Manase kasema nikikwama nimwite. Kijicho kitupu.

Jumanne, 10 Juni
Nabonyeza, psss. Pini haitoki. Nimefungua kompresa, nimefunga mpira upya, nimemlaani Manase kimoyomoyo. Psss. Mke wangu Hajira akapita na ndoo, akauliza mbona ncha za pini zinatazama juu. Nimemwambia nilikuwa namjaribu. Nikazigeuza. Pini ya kwanza ikatoka vizuri sana, ikanishona suruali na kiti. Ndipo Mzee akaingia kukagua! Nimemwamkia shikamoo nimekaa. Kuinuka siwezi, kueleza sitaki. Kaitikia marahaba akitazama ukuta.

Jumatano, 11 Juni
Inakwama kila pini ya tatu. Muuzaji kasema kwenye simu nitie matone mawili ya mafuta ya mashine kwenye tundu la upepo. Matone mawili! Singida hii, nibanie mafuta? Nimemimina vijiko vitatu vya alizeti kutoka dumu la Hajira. Ya Iguguno, mazito. Pini arobaini bila kukwama! Halafu nikatazama kitambaa. Kumbe upepo unaotokea nyuma unarusha mafuta. Madoa ya njano kiti kizima.

Alhamisi, 12 Juni
Wazo! Madoa machache ni uchafu, madoa mengi yaliyopangika ni maua. Nimeongeza mafuta, nikapuliza kwa mistari. Mzee akaja, akauliza kwa nini sofa zinanukia chapati. Kasema Radhia akiaibika ukweni, nisikanyage tena dukani kwake. Niliogopa kweli. Nikaharakisha kupiga pini, mashine nayo ikaganda. Nikaigonga kwa nyundo. Springi ikaruka mpaka uani kwa Manase.

Ijumaa, 13 Juni
Nilikwenda kuomba springi tu. Nikajikuta naomba na fundi. Mzee alituletea kitambaa kingine bila salamu. Tumebandua, tumegonga, kuanzia alfajiri hadi magharibi. Manase hakunicheka, jambo lililoniudhi zaidi. Nami nimejaribu kubana misumari mdomoni. Sitaeleza.

Jumamosi, 14 Juni
Sofa zimefika ukweni! Radhia kakaa juu yake, vigelegele vikapigwa, machozi yakanitoka. Vumbi. Manase kamwambia Mzee tumefanya kazi wote wawili. Ananiogopa huyu. Jioni nimempigia muuzaji. Anayo mashine kubwa zaidi, ya misumari ya paa! Mwalimu Elizabeti wa mtaa huu nimeshamwahidi kumwezekea banda la kuku kabla ya Jumatano. Na kosa langu nimelijua: alizeti ya Iguguno ni nzito mno. Safari hii naweka ya Kinampanda. Hajira kaletewa dumu zima na dada yake. Kalificha, lakini nimeona alipoliweka.