Maji ya Kunywa ya Anande

Jumatatu, 10 Machi 2025

Binti yangu Nosim amepiga simu. Anakwenda Mwanza kusoma kwa miezi tisa. Mumewe, Kaanaeli, yuko kazini Mtwara. Mtoto wao Anande, mjukuu wangu wa pekee, mwenye umri wa miezi kumi na minne, atalelewa kwa babu yake. Swali ni babu yupi. Mimi, Mwalimu Yiamat wa Elerai, niliyefundisha sayansi miaka thelathini na minne? Au mkwe wangu Ludovick wa Tengeru, baba yake Kaanaeli, muuza mabati?

Jibu ni dhahiri. Lakini binti yangu ni mtaalamu wa maabara, na wataalamu hawaridhiki na mambo yaliyo dhahiri. Jumamosi atakuja na kipimo chake apime maji ya nyumba zote mbili. Floridi, madini yaliyomo majini, isizidi miligramu moja nukta tano kwa lita. Wakati wa Krismasi alipima kisima changu: sita nukta mbili! Akasema maji hayo ndiyo yaliyonipa meno ya rangi ya chai, na kwamba Anande hatayaonja.

Nimekwisha kupata dawa. Nitayachemsha sana. Kisichokufa kwa moto hakipo.

Saa kumi jioni. Nilichemsha sufuria kubwa tangu saa nne. Imebaki robo. Kuni za wiki nzima zimekwisha. Nikampigia Nosim kumpa habari njema. Akacheka mpaka simu ikakoroma. Akasema, "Baba, floridi si mdudu. Maji yanaondoka na mvuke, yenyewe inabaki. Umeipika ikawa mchuzi mzito." Nilimwambia kwamba nilikuwa namjaribu tu. Amefaulu.

Simaloi, mke wangu, amepika kwa kuni za kuomba. Hanisemeshi.

Jumanne, 11 Machi

Mifupa! Nimesoma kwamba mkaa wa mifupa hunasa floridi. Wataalamu huichoma ndani ya tanuri lililozibwa, kwa joto linalopimwa. Mimi nina pipa na macho mawili.

Nilirudi kutoka mabucha ya Daraja Mbili na magunia mawili. Mbwa kumi na mmoja walinisindikiza. Sikuwaalika.

Saa sita moshi ulifunika mtaa. Kwaya ya akina mama, iliyokuwa mazoezini kwa jirani yetu Nanyori, iliacha wimbo katikati ya ubeti. Nanyori akaja na kanga puani. "Shikamoo, Mwalimu. Tumekuja kutoa pole. Nani amefariki?" Nikamweleza kwamba ule ulikuwa utafiti. Akasema basi uzikwe upesi, maana umeanza kuharibika.

Nilifunua pipa mapema ili nikague. Hewa ikaingia, moto ukaruka, mifupa ikawa jivu jeupe. Mkupuo wa pili sikuufunua, lakini niliutoa haraka, ukiwa bado wa kahawia. Nikapitisha maji humo. Yakatoka na harufu ya supu. Simaloi, ambaye alikuwa hanisemeshi, alionja kwa ncha ya ulimi, akatamka neno moja: chumvi.

Mbwa wamelala getini. Wana imani na mimi kuliko mke wangu.

Jumatano, 12 Machi

Gulio la Tengeru. Nimekwenda kwa shughuli maalumu.

Ludovick hunywa maji ya mvua, anayoyakinga kutoka kwenye paa lake. Mvua haina floridi ya kutisha. Hiyo si akili. Hiyo ni bati.

Mwenyewe alikuwa dukani, kama nilivyokusudia. Nikamwomba mkewe, Mama Kaanaeli, aliyepita nyumbani kupika, madumu mawili ya maji hayo, nikasema ni ya betri ya gari. Akauliza gari lipi, maana hajapata kuniona na gari. Nikasema la rafiki. Akauliza ni betri gani inayokunywa lita arobaini. Nikasema rafiki ana lori. Alinijazia madumu, akaongeza mkungu wa ndizi kwa ajili ya rafiki.

Si wizi. Ni maji ya mkwe. Jumamosi yatapimwa kama maji ya kisima yaliyosafishwa kwa Mbinu ya Yiamat. Baada ya hapo nitakuwa na miezi tisa ya kuigundua mbinu hiyo. Mtoto hatadhurika: nitakuwa nikienda Tengeru kila wiki. Rafiki ana malori mengi.

Ijumaa, 14 Machi

Nusura niaibike! Madumu yana herufi za Ludovick kwa rangi nyekundu. Nimeyahamishia maji kwenye pipa la zizini, ambamo hukaa magadi ya ng'ombe. Nimelisuuza. Mara moja, lakini kwa nguvu.

Simaloi ameuliza ninafanya nini zizini na shati la kanisani. Nimemjibu kwamba sayansi ina heshima zake.

Jumamosi, 15 Machi

Siandiki mengi leo.

Walikuja wote. Nosim na kipimo. Anande mgongoni, meno manne, meupe kama mchele mpya. Ludovick na Mama Kaanaeli, ati kushuhudia. Maji ya Tengeru: sifuri nukta moja. Kisima changu: sita nukta mbili. Kisha nikaleta jagi la Mbinu ya Yiamat, nikatoa hotuba fupi. Dakika ishirini hivi.

Arobaini na moja.

Nosim alipima mara tatu. Alisema katika miaka sita ya kazi hajakutana na namba hiyo kwenye jagi. "Baba, umetia nini humu?" Akayasugua vidoleni, akasema yanateleza kama sabuni. Simaloi akasema, bila kuulizwa, kwamba yametoka katika pipa la magadi. Nosim akashika kichwa. Kumbe magadi yamejaa floridi, hata yale ya kulainishia makande!

Ludovick alilia kwa kicheko. "Mwalimu, hayo si maji, hiyo ni dawa ya kusugulia masufuria!" Mama Kaanaeli hakucheka. Aliuliza kwa upole tu kama betri ya rafiki yangu inaendelea vizuri.

Wote wakanigeukia.

Nosim akasema, akitazama chini, kwamba Anande atakaa Tengeru. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala begani kwangu, ameshika sikio langu kama mpini wa kikombe. Nilimrudisha polepole. Sikula chakula cha jioni. Nilikula kidogo.

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka ibadani nikakuta pikapu ya Ludovick uani, Mama Kaanaeli na Nosim kando yake. Juu yake tangi jipya, gata za kukingia mvua, ngazi na mtoto.

Nilimwuliza kama amekuja kunicheka tena. Alisema kucheka alimaliza jana, mbavu bado zinauma. Akasema yeye na mkewe hushinda dukani tangu alfajiri, Anande atalelewa na nani, mabati? Mtoto anamtaka bibi yake Simaloi. Kilichopungua Elerai ni maji, na maji huanguka bure. Kumbe Simaloi alimpigia simu kuomba tangi tangu Jumanne, akiwa amesimama katikati ya moshi!

Tulifunga gata pamoja. Nilitaka ipande kidogo upande wa tangi, ili maji yapunguze mwendo na kutafakari. Ludovick akasema, "Mkwe, shika ngazi." Nikashika ngazi.

Saa tisa Mlima Meru ukajificha, mvua ikashuka kwa kishindo. Maji ya kwanza, yenye vumbi la paa, tukayamwaga. Kisha tangi likaanza kunguruma. Sote tulilowa. Simaloi alicheza. Mama Kaanaeli alipiga vigelegele mpaka Nanyori akaja kuuliza nani anaolewa. Anande alikaa chini ya bomba la tangi, akipiga maji kofi na kuyakemea.

Nosim akapima: sifuri nukta moja! Anande anabaki kwetu. Sijafurahi hivi tangu siku ya kustaafu.

Naandika hapa kwa kumbukumbu kwamba wazo la mvua nililifikiria kwanza mimi, Jumatano.

Jumatatu, 17 Machi

Nosim ameondoka. Kituoni alinishika mikono yote miwili. "Niahidi, Baba: hutagusa tangi, hutagusa gata." Nikaahidi. Akaongeza kwamba moshi wa kuni nao ni sumu kwa kifua cha mtoto, ila nisifanye lolote, mama atanunua jiko la gesi Alhamisi.

Alhamisi! Mtoto apumue moshi siku tatu nzima, na babu yake ni mwalimu wa sayansi?

Kipande cha gata alichokiacha Ludovick kinafaa kabisa kuwa bomba la moshi. Nitalipitisha juu ya jiko, litokeze kwenye paa, upande ule wenye mteremko mzuri kuelekea gata mpya, ili masizi yasirundikane bali yaoshwe na mvua yaende zake. Sitagusa tangi. Sitagusa gata. Ahadi ni ahadi.

Simaloi yuko sokoni, Anande anapiga makofi. Bati nimekwisha kulitoboa.