Mgeni Wangu Ale Hotelini?

Jumapili, 4 Mei

Leo nimesema mbele ya watu, na sijuti. Baada ya ibada, vikombe vya chai mikononi, Collins wa kwaya alianza tena hadithi yake ya Roma. Alimpeleka mkewe huko mwaka jana. Walikula hapa, walikula pale, yote waliambiwa na simu: huku nyota nne, kule nyota tano. Akaniuliza mimi na Serah tutakula wapi Napoli, maana Ijumaa, tarehe kumi na sita, tunakwenda kusherehekea miaka ishirini na mitano ya ndoa. Serah hajafungua mdomo, nikajibu mimi. Nikasema nyota ni za watalii. Mke wangu nitampeleka wanakokula wenyeji, mahali ambapo Collins hafiki hata akipewa ramani. Watu wakacheka. Collins akasema anasubiri picha. Atazipata!

Njiani kurudi nyumbani Tooting, hapa London, Serah akatoa sharti. Moja tu. Ametupikia miaka yote hii, mimi na binti yetu Emma, pamoja na nusu ya kanisa kila pakitokea arusi au matanga, kwa sababu pilau yake ina jina. Akitoka hapo anakwenda wodini kulisha wagonjwa. Basi kwa siku hizo za Napoli hataki kuona sufuria. Hataki kusikia kitunguu kikikaangwa. Anataka kuketi, aletewe, ale, ainuke, sahani aiache palepale. Nikamwambia Mama Emma, hilo lihesabu limekwisha. Alitazama nje ya dirisha.

Jumanne, 6 Mei

Kuuliza si ujinga. Hiyo ndiyo mbinu yangu nzima.

Nilianza kazini. Mama mmoja alipanda basi langu na miwani nyeusi, skafu ya hariri, mkate mrefu kwapani. Mwitaliano huyo, hata kipofu angemjua! Tuliposimama kwenye taa nikamuuliza kupitia kioo, watu wa Napoli hula wapi hasa? Akasema yeye ni wa Croydon, papa hapa London, na taa imeshakuwa kijani. Nyuma walikuwa wanapiga honi. Watu wa mji huu hawana subira.

Alasiri nikapata dhahabu. Dereva mwenzangu Faridah, mzaliwa wa Mombasa, ana wifi yake Napoli. Anaitwa Mwanamwema, mtu wa Lamu, ameolewa huko yapata miaka ishirini. Namba ninayo. Collins ana nyota zake, mimi nina wifi wa Faridah. Tutaona.

Jumatano, 7 Mei

Nilimtumia Mwanamwema ujumbe wa sauti, wa adabu kabisa, kumwomba anitajie hoteli mbili tatu za kula, zile za wenyeji. Jibu lilikuja sijavua viatu. Kwanza kicheko. Halafu akaniuliza, kaka Lawrence, kwani yeye amekufa? Hotelini! Mgeni wake yeye ale hotelini, watu watamwambiaje? Tutakula kwake toka siku ya kufika hadi siku ya kuondoka, na wallahi asisikie neno jingine.

Nikatulia. Watu wa pwani lazima wakukaribishe, ni desturi yao. Nikapita mlango wa nyuma. Nikamuuliza yeye mwenyewe akitaka kula nje huenda wapi. Akasema atoke nje kufuata nini, nao hao hawajui hata pilipili? Akaongeza kwamba habari za pilau ya Serah zimemfikia kwa Faridah. Wataingia jikoni pamoja wapike huku wakipiga soga.

Jikoni! Hapo nilikaa chini.

Ijumaa, 9 Mei

Mtu mwenye akili hategemei mlango mmoja. Kwa jamaa mmoja Mtanzania nimepata namba ya Generosa, mzaliwa wa Bukoba, anayetunza wazee kulekule Napoli. Dada mpole, mchapakazi. Nikauliza swali langu. Naye akauliza lake: nani mwingine nimemuuliza? Nikasema kweli. Kosa! Kumbe wanajuana. Akasema kwa hiyo Mwanamwema anadhani ni yeye peke yake mwenye nyumba? Jumamosi ni kwake Generosa, ndizi na samaki, na ameshamwambia muuza samaki.

Hoteli bado sina hata moja. Lakini wenyeji wa Napoli wananigombania. Collins hajawahi kugombaniwa na mtu.

Jioni Mwanamwema akatuma sauti nyingine. Kwa kuwa natoka London, mahali penye kila kitu, nimbebee mchele wa pishori, unga wa ugali, majani ya chai ya Kenya, na sufuria moja kubwa, maana zake hazitoshi. Amealika majirani waje kutuona. Ningekataaje? Mkono mtupu haulambwi. Nikaenda kwa Harish, mwenye duka hapa mtaani, mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake kinamshinda binti yangu mbali. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli napeleka chakula Italia. Akasema marehemu baba yake alihama Kisumu na mzigo mdogo kuliko huo. Sufuria yenyewe waweza kumwogeshea mtoto. Nimeiweka kwenye sanduku kubwa, nikafunika kwa koti, nikasukuma ndani ya kabati. Serah hajaona.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nimefikiri kuliko siku zote za maisha yangu. Swali: mtu akatae vipi kula kwa watu bila kuwavunjia heshima? Jibu: ugonjwa!

Nikampigia Mwanamwema. Nikashusha sauti. Nikamwambia Serah ana tatizo la tumbo, zito, hatulisemi hadharani. Daktari amemkataza chakula cha nyumbani cha aina yoyote. Ale cha hotelini tu, tena nyanya ziwe zimepikwa kwa kuni. Kwa hiyo, kwa ajili ya afya yake, anitajie mahali. Nilieleza vizuri hata mimi mwenyewe nikamwonea Serah huruma. Mwanamwema akasema masikini, masikini dada yangu, akakata simu.

Amekubali! Kesho majina yanakuja.

Emma alikuwa mlangoni. Akaniuliza kwa Kiingereza, maana ndicho anachojibia, mama anaumwa nini. Nikamwambia hayo ni mambo ya usafiri. Akasema hili halitaisha vizuri. Watoto waliozaliwa London hawana imani.

Jumapili, 11 Mei

Majina hayakuja.

Yaliyotokea ni haya. Mwanamwema alimpigia Faridah akilia. Faridah akashtuka, akawaambia wenzetu kituoni kwetu. Mmoja wao anaimba kwenye kwaya. Basi leo, katikati ya ibada, Collins akasimama, akafumba macho, akaomba kanisa zima limkumbuke dada Serah na tumbo lake. Serah alikuwa mstari wa pili, anamumunya peremende. Akasema kwa sauti kwamba haumwi. Collins akamwambia kwa upole asione haya, lisemwalo lipo. Mama wa nyuma akampa chupa ya maji ya uvuguvugu. Serah akanigeukia. Baada ya miaka ishirini na mitano hana haja ya kuuliza.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kabatini. Sijui alijuaje. Akafungua sanduku. Akatoa koti, akatoa mchele, akatoa unga, akatoa majani ya chai. Akafika kwenye sufuria. Aliitazama sana. Nikaona nimweleze kwamba si yake, ni ya Mwanamwema. Haikusaidia.

Akasema aliomba jambo moja. Moja, Baba Emma. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye kwaya. Kisha akaketi kitandani, sufuria magotini, akalia. Si kwa kelele. Ni machozi ya mtu aliyechoka. Hilo liliniuma kweli, nami siandiki hivyo kwa kujipendekeza. Nilimletea chai. Akaniambia nimeisahau sukari.

Jumatatu, 12 Mei

Hukumu imetoka. Serah anakwenda Napoli na Emma. Amesema aliyeivumilia ndoa hii ni yeye, basi sherehe ni yake. Nikapendekeza niende kama kiongozi wa msafara. Wakaendelea kupanga nguo, yeye na Emma.

Halafu Serah mwenyewe akampigia Mwanamwema, akafunga mlango. Walizungumza mpaka chai yangu ikapoa. Nilisikia vicheko, na jina langu ndani ya vicheko hivyo. Vizuri. Nimewakutanisha.

Jumamosi, 17 Mei

Waliondoka jana. Nimebaki mimi na sufuria. Leo nimepika ugali. Unga ni mwingi, nikamimina kwa moyo mkunjufu. Umetosha kwaya nzima, na umeungua chini. Nimekula katikati.

Mchana Emma alituma picha. Serah yupo mezani, kwenye kijia chembamba, nguo za watu zimeanikwa juu ya kichwa chake. Amevaa gauni la buluu. Mikono ameiweka mapajani, hashiki kitu, anasubiri aletewe. Anacheka meno yote nje. Nimeitazama picha hiyo nikila ugali, nikaitazama tena nikiosha sahani. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona ameketi hivyo.

Nikamuuliza Emma ni nani aliyewaelekeza. Akaandika kwamba hakuna mtu. Mama alikuwa akitembea, akaona vikongwe wawili na vikapu vyao vya sokoni, wanamfokea mhudumu kwamba mchuzi wa leo si kama wa jana. Mama akasema hapa. Mwanamke anayejua kupika halipi pesa yake kudanganywa.

Kuna kubwa zaidi. Jana usiku Serah alikwenda kumgongea Mwanamwema, akamwambia avae, leo mgeni ni yeye. Mwanamwema akakataa. Serah akamshika mkono. Generosa naye wakampitia, wamalizie ugomvi wao mezani. Mwanamwema alikula piza iliyokunjwa nne, kwa mkono, amesimama barabarani. Akaomba pilipili. Kumbe ipo! Akaagiza ya pili. Kisha wakaingia mahali pa kuketi, na mhudumu alipoondoa sahani Mwanamwema aliinuka amfuate jikoni kumsaidia. Serah akamkalisha. Emma anasema alifuta macho, akasema toka aolewe hajawahi kuambiwa keti uletewe.

Wanakokula wenyeji! Neno kwa neno, kama nilivyoahidi! Picha nimempelekea Collins. Hakuuliza nani aliipiga, nami sikuona haja ya kumchosha.

Jumanne, 20 Mei

Serah amerudi jana jioni, uso unang'aa, mabega yameshuka. Alinikumbatia. Akaniletea kahawa na jibini, na akala ugali wangu wa juzi bila kusema neno. Akasema huko Napoli hakugusa kijiko ila cha kulia. Akasema amepumzika kweli, na anataka nyumba hii ijifunze kumpumzisha. Nikamwahidi. Nikamwambia enzi ya Serah kupikia ulimwengu imekwisha, na niliposema hivyo nilimaanisha kila neno.

Leo yuko chumbani, amelala mchana, hana zamu. Mimi nafuta meza. Simu ikalia: sauti ya Mwanamwema. Kwanza shukrani nyingi. Amefunguka macho, anasema, kula nje ni raha. Kwa hiyo mwezi wa nane anakuja London kutembea, yeye na mumewe na dada zake wawili na watoto wao. Generosa naye. Wamepata mahali pa kulala, hatutasumbuka. Ana ombi moja tu, kaka Lawrence: nimtajie hoteli mbili tatu nzuri za kula, zile za wenyeji.

Kitambaa kiliniponyoka. Hotelini? Mimi nipo hai, nina nyumba, nina meza, na mgeni wangu ale hotelini? Collins akisikia? Watu wa Tooting wataniambiaje?

Nimemjibu papo hapo, kwa ukali wa mapenzi, asithubutu hata kutamka. Watakula hapa, asubuhi na jioni, siku zote watakazokuwepo. Na siku ya kwanza, nimemwambia, ni ile pilau aliyoisikia kwa Faridah.

Mungu hupanga. Sufuria nilikuwa niirudishe kwa Harish kesho. Nimeitoa kwenye sanduku, nimeisugua, nimeiweka juu ya jiko, inang'aa. Serah nitamwambia akishaamka. Chai yake nimeshaiandaa, na safari hii sukari nimetia mapema.